Bei ya Marisol

Ukitaka kuwagombanisha watu wa milima yetu ya Humboldt, usiwaulize mambo ya dini wala siasa. Waulize kitu kimoja tu: kulima ratili moja ya bangi kunagharimu dola ngapi? Halafu kaa pembeni, ushike kahawa yako vizuri isimwagike. Anayelima juani atakuambia jua ni la bure. Wa kitalunyumba atakuambia jua la bure huja na mvua na kulungu. Anayelima ndani kwa taa atawaambia wote wawili kwamba wamepitwa na wakati. Sasa nyumba ya akina Quillan ilikuwa na hao wote watatu, na wote walikunywa kahawa meza moja.

Mwenye nyumba ni Dot, mjane wa miaka sabini na minne, mwanamke wa soksi za sufu hata mwezi wa Julai. Huyo alilima juani, kwenye mteremko nyuma ya banda la kuku, na alikuwa akilima hapo tangu zama za kukimbia helikopta za serikali, kabla bangi haijahalalishwa. Mwanawe, Cedar, alipewa jina la mti kwa sababu miaka ile kila mtoto wa huku alipewa jina la mti au la mto. Cedar alilima kwenye kitalunyumba cha nailoni. Binti wa Cedar, Wren, miaka ishirini na mitatu, aliigeuza gereji ikawa shamba la taa, na tangu siku hiyo gari la nyumba lilinyeshewa.

Wa nne alikuwa Marisol, mke wa Cedar na mama yake Wren. Yeye alikuwa jikoni asubuhi ile akipindua tortilla, zile chapati za mahindi. Hakuna aliyemuuliza analima wapi.

"Andika, Wren," Dot alisema. "Jua, sifuri. Mvua, sifuri. Mbolea ni ya kuku wangu, sifuri. Ratili moja, dola themanini. Nimemaliza mimi, leteni kahawa."

"Bibi, na ule uzio wa kulungu?"

"Wa mwaka juzi. Hauhesabiwi."

"Na kulungu aliyekula mistari miwili?"

"Huyo mgeni. Mgeni hahesabiwi."

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, Bibi. Huyu amekaa Juni nzima!"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye fomu. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Bei ilikuwa imeanguka vibaya, na ada za kaunti zilikuwa zimepanda. Kulipia leseni za njia tatu kulikuwa kumewashinda. Ushirika wa wakulima ulikubali kununua mazao ya nyumba ile, ila ya njia moja tu, ile ambayo gharama yake inaacha faida. Nyingine mbili zingefungwa. Mkaguzi wa gharama angefika saa kumi jioni na kalamu yake, na kila mmoja alitakiwa ajaze fomu ya njia yake. Kwa hiyo unaelewa kwa nini kila mtu siku hiyo alikuwa bingwa wa sifuri.

"Mama, wewe unavuna mara moja kwa mwaka," Cedar alisema. "Mimi mara mbili. Natandika turubai jeusi saa moja jioni, naliondoa saa moja asubuhi. Mmea unapata giza, unadhani vuli imefika, unatoa maua Julai hii hii wakati yako bado majani matupu. Dola mia moja na tisini kwa ratili."

Hapo kwenye "natandika," Marisol aligeuka akamtazama mumewe. Kisha akarudi kwenye kikaango chake.

"Nyinyi endeleeni kuidanganya miti," Wren alisema. "Mimi ndani sina kulungu, sina ukungu. Navuna kila wiki tisa, na bei yangu sokoni ni zaidi ya mara mbili ya bei ya Bibi. Gharama, dola mia tano na sitini."

"Mia tano!" Dot alishika kifua. "Bili yako ya umeme ni ndefu kuliko wewe mwenyewe."

"Na sehemu ya kazi tunaandikaje?" Wren aliuliza. "Fomu inataka jina la mfanyakazi na saa kwa siku."

Wote watatu waliinama, kila mmoja akaandika na kuziba kwa mkono, kama watoto kwenye mtihani.

*

Saa kumi ikikaribia, Marisol alimkuta Cedar kwenye kitalunyumba akinusa maua yake. Yalikuwa yamebakiza wiki mbili tu kuvunwa, mazito, yananata, na Cedar alikuwa akiyaangalia kwa mapenzi ambayo mke wake hajaangaliwa nayo tangu Krismasi.

"Cedar, nimeshikiwa tiketi ya ndege. Mwisho kesho saa sita mchana."

"Tiketi ya nini?"

"Ya nini tena! Mama anatimiza miaka themanini, tarehe kumi na mbili Oktoba. Nilikuambia Machi."

"Na nikakujibuje?"

"Tutaona."

"Basi si unaona? Tunaona." Alijikuna kichwa. "Mari, Oktoba mavuno. Mama akishinda leo, mimea yake yote inaiva Oktoba kwa mpigo. Nikishinda mimi, vuno langu la pili Oktoba, na turubai halina Jumapili. Akishinda Wren, zile taa hazijui hata Oktoba ni kitu gani."

"Kwa hiyo yeyote atakayeshinda, mimi siendi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, umezunguka tu."

Miaka tisa Marisol hakuwa amemwona mama yake, aliyebaki kijijini kwao Michoacán, ng'ambo ya mpaka. Pesa za tiketi alikuwa nazo, dola mia nne na kumi na mbili, kwenye kopo la biskuti juu ya friji. Siku ndizo hakuwa nazo. Alichukua mpira wa maji akaanza kunyeshea, maana ilikuwa saa ya kunyeshea, na machozi yakimtoka alisingizia vumbi.

Ndipo mwanamke mmoja wa makamo akatokea mlangoni, viatu vyake vya mjini vimeshaingia tope, fuko la makaratasi begani.

"Samahani, dada. Naitwa Gretchen Ito, natoka ushirika. Wewe umeajiriwa hapa? Mwenye shamba yuko wapi?"

Cedar alicheka, akasema huyo ni mkewe. Gretchen akawa mwekundu, akaomba radhi mara tatu. Marisol alisema hamna neno. Lakini lile swali la kuajiriwa lilimganda kifuani mpaka alipofika jikoni.

*

Gretchen alikaa kwenye kichwa cha meza, akavaa miwani, akakunjua fomu tatu. Marisol alikuwa akizunguka na birika.

"Hongereni, gharama zenu ni za chini sana. Za chini mno." Akapindua karatasi. "Bi Dot, sehemu ya kazi. Kunyeshea, palizi, kugeuza mbolea, kufukuza kulungu. Saa tisa kwa siku. Mfanyakazi, Marisol. Malipo, sifuri."

"Ni mkwe wangu," Dot alisema kwa fahari. "Familia."

"Sawa. Bwana Cedar. Turubai mara mbili kwa siku, maji, wadudu, kufunga matawi. Saa kumi na mbili. Mfanyakazi..." Aliinua macho. "Marisol. Sifuri."

Cedar alikohoa.

"Wren. Maji, kusafisha feni, kufuta taa, kumwaga ndoo za mashine ya kunyonya unyevu. Saa kumi. Marisol. Sifuri." Gretchen alijumlisha pembeni ya karatasi, akafuta, akajumlisha tena. Akavua miwani. "Naomba mnisaidie. Tisa, kumi na mbili na kumi. Huyu Marisol wenu anafanya kazi saa thelathini na moja kwa siku?"

Jogoo wa Dot akawika huko nje, saa isiyo yake.

"Na hapo sijapika," Marisol alisema.

Wren ndiye aliyeanza. Pua yake ilitoa mlio, akaziba mdomo, haikusaidia. Gretchen akaangua kicheko na kugonga meza. Dot alijitahidi kukaza uso wa mwenye shamba, ukamponyoka, akacheka mpaka akamshikilia Cedar bega. Cedar mwenyewe alicheka kwa aibu, masikio yamewaka.

"Mama, kwa nini hukusema?" Wren aliuliza akijifuta machozi.

"Nani aliniuliza? Tangu asubuhi mnaulizana bei ya jua."

"Bi Marisol," Gretchen alisema, na safari hii alisimama akamvutia kiti, "weka birika chini. Kaa. Siondoki hapa bila majibu yako, na usinyanyuke mpaka nimalize."

Marisol akakaa. Ni kitu kidogo, kukaa, lakini wote walimtazama kama mtu aliyepanda jukwaani. Wren akammiminia kahawa. Alikuwa hajui mama yake anaweka sukari vijiko vingapi, akaweka vinne. Marisol aliinywa hivyo hivyo.

Mabishano yakaanza upya, sasa kwa moto zaidi. Dot alidai nusu ya saa zake tisa ni za kuku, si za bangi. Wren alidai kufuta taa si kazi, ni mazoezi ya mikono. Gretchen anaandika, anafuta, anacheka, anaandika. Nje jua la Julai lilikuwa bado limejaa tele juu ya misonobari. Saa ya ukutani juu ya friji ikasoma saa moja kasoro tano.

Marisol aliiona. Ikawa saa moja kamili, akaiona pia. Miguu yake ilianza kunyanyuka yenyewe, kama ilivyozoea, akaikanyagia chini. Ile mimea aliipenda, aliifunga matawi kwa vidole vyake, na mwanga wa ziada wakati huu ungeichanganya, maua yangegeuka mbegu. Lakini mkaguzi alisema asinyanyuke. Akanywa kahawa. Saa moja na dakika kumi. Akaomba kijiko cha tano cha sukari, kwa makusudi.

"Mnalionea turubai langu," Cedar alikuwa akisema, amesimama, mkono hewani. "Turubai ni dola elfu mbili, linadumu miaka mitano. Gawanyeni! Ni senti! Na kulitandika ni dakika nane, mtu mmoja, haitoki hata jasho. Kila siku saa moja jioni unavuta tu, na..." Mkono ukabaki hewani. Aligeukia saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na mbili. "Turubai! Nani ametandika turubai?"

Walimtazama Marisol. Marisol aliinua kikombe kuwaonyesha kwamba amekaa.

*

Kilichofuata tulikisikia mpaka sisi wa ng'ambo ya kijito. Cedar alitoka na kiti kimemning'inia kwenye mkanda. Wren akafuata pekupeku. Dot na soksi zake, Gretchen na fuko lake la makaratasi. Marisol alitoka mwisho, na kikombe chake, akaketi kwenye ngazi za nyuma.

"Vuta kamba ya kushoto!" Cedar alipiga kelele.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa kila mtu!"

Turubai linavutwa kutoka upande wa kijito, ukirudi kinyumenyume, maana upepo wa jioni hutoka ule upande mwingine. Hilo alilijua mtu mmoja tu, na alikuwa anakunywa kahawa. Wao walivuta kutoka upande wa upepo. Likajaa hewa, likanyanyuka juu ya kitalu, likamnyanyua na Wren, akawa anapiga miguu hewani na kuchekelea kama mtoto wa miaka mitano. Cedar alipokimbia kumdaka, kona ya pili ikaachia. Gretchen Ito, mkaguzi wa gharama, aliirukia ile kona akaikosa, akatua kwenye mbolea ya Dot, ile ya sifuri.

"Bi Gretchen!" Dot aliita. "Umeumia?"

"Kiatu changu!" Gretchen alijibu, lakini alikuwa amelala chali anacheka. "Andikeni na kiatu!"

"Mama, kalia hiyo kona, kalia!" Cedar aliita.

Dot alikalia. "Sasa nimekuwa mfuko wa mchanga," alitangaza. "Miaka sabini na minne, nimepandishwa cheo!"

Pale kwenye ngazi Marisol alicheka mpaka akaweka kikombe chini, mpaka mbavu zikamuuma, mpaka akalia, na safari hii hakusingizia vumbi. Miaka kumi na minne alikuwa akivuta turubai peke yake, na hakuwahi kujua linachekesha kiasi kile.

Walimaliza saa moja na dakika arobaini na nane. Watu wanne, dakika ishirini na sita, kiatu kimoja hakijulikani kilipo. Na walikuwa wamelitandika upande wa ndani nje. Walirudi mezani wakitweta, majani nyweleni, Gretchen ananuka kuku. Alichukua kalamu kwanza kabla ya maji.

"Bi Marisol. Bei yako kwa saa?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alimtazama mumewe, akamtazama mkwewe, na akataka kusema kumi. Kisha akamwona Cedar anavyohema.

"Ishirini na tano."

Gretchen akakokotoa. Ya Wren ikaruka juu ya dola elfu moja na mia mbili kwa ratili, na soko linampa mia tisa. Ya Cedar ikafika mia sita na arobaini, na soko linatoa mia tano na hamsini. Ya Dot ikapanda kutoka themanini hadi mia mbili na thelathini. Sokoni mia tatu na hamsini.

"Ya juani," Gretchen alisema. "Ndiyo pekee inayobaki na faida ukimlipa mtu."

Dot alipiga yowe. Alipanda kiti! Cedar alimshika kiuno asianguke, na mwanamke yule akacheza kwa soksi zake juu ya kiti, mikono juu, anaimba "jua, jua, jua." Wren alimpigia sufuria ingawa alikuwa ameshindwa. Hata Cedar alicheka. Ndipo kila mmoja kwa wakati wake akakumbuka, na sufuria likanyamaza.

Jua maana yake Oktoba.

Marisol alikuwa akilitazama kopo la biskuti. "Haya," alisema polepole. "Basi nitawaambia wasinishikie."

"Wakushikie nini?" Dot aliuliza kutoka juu ya kiti.

Hakuwa anajua. Kweli kabisa, hakuwa ameambiwa. Marisol alimweleza kwa maneno machache: mama, themanini, tarehe kumi na mbili, miaka tisa. Dot alishuka kwenye kiti taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Alimtazama mwanawe.

"Cedar, ulijua?"

"Tangu Machi."

"Na ukamwambia nini?"

Cedar aliangalia meza. "Tutaona."

"Mjinga wewe. Nilikuzaa mwenyewe, kwa hiyo naruhusiwa kusema. Mjinga." Dot alivuta ile fomu yake. Kwenye mstari wa wafanyakazi wa mavuno alilikata jina la Marisol, akaandika kwa herufi kubwa: DOT. CEDAR. WREN. "Mari, mwanangu, piga simu ya tiketi sasa hivi. Mkasi nilishika kabla wewe hujazaliwa. Kuchambua maua kitu gani? Unakaa, unakata majani, unapiga soga. Tutamaliza kabla keki yenu haijakatwa."

"Mama, ni ratili mia tatu," Cedar alisema.

"Thubutu kunihesabia!"

*

Tarehe kumi na mbili Oktoba, kijijini kwao Michoacán, Marisol alikuwa amevaa gauni la manjano, sahani ya keki mkononi, tarumbeta zinapigwa uani, na mama yake, Doña Eufrasia, amekaa katikati ya wajukuu kama malkia. Kwa siku nne hakuwa amemwagilia hata ua la kopo. Simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya nyumbani.

"Mari?" Sauti ya Dot ilikuwa imechoka, inatoka mbali, na nyuma yake Cedar alisikika akilalamika kuhusu mgongo na Wren akiuliza nani amekalia mkasi wake. "Mpe mama yako heri ya miaka themanini. Sikupigii sana, simu inaninata mkononi, gundi ya haya maua haitoki. Nimekaa kwenye kiti hiki tangu alfajiri ya jana. Vidole sivisikii."

"Mmefika wapi, Mama?"

"Usiniulize." Kisha Dot akasema, bila utani safari hii, "Nisikilize, mwanangu. Ile ishirini na tano uliyosema Julai. Ulikosea."

Marisol aliweka sahani chini. "Nimekosea?"

"Ni arobaini."

"Mama! Hesabu yako itaharibika."

"Nimeshapiga. Zinabaki dola thelathini kwa ratili. Zinanitosha. Arobaini kwa saa, na zile saa za nyuma tutazungumza ukirudi. Wala usirudi mbio."

Marisol alicheka, akalia, akaziba simu kwa kiganja, akacheka tena. Doña Eufrasia alimvuta gauni.

"Nani huyo anakuliza siku yangu ya furaha?"

"Mama mkwe," Marisol alisema. "Anapandisha bei."